Jibu kwa aliyeuliza kuhusu Beats kwenye PSP: anza na nyimbo zako, vitufe havina neno

Ndugu yangu, umesema umenunua PSP, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony, ya mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, ikiwa na gemu ya Beats ndani, ukajaza benga na taarab zako, na sasa alama zinakuja ovyo hadi unashuku vitufe vimekufa. Kabla hujairudisha dukani, nisikilize kidogo. Gemu hiyo nimeicheza miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa kwenye matatu ya Umoja na foleni ya Jogoo Road imegoma kusonga, na karibu kila nilipolaumu mashine nilikuta kosa liko kwenye faili ya wimbo.

Kwa wasioijua: Beats ilitolewa na Sony mwaka 2007, ya kupakua. Alama za vitufe vya PSP, yaani pembetatu, duara, msalaba na mraba, zinaruka kwenye kioo kuelekea shabaha, nawe unabonyeza kitufe husika mdundo unapofika. Utamu wake ni kwamba inachukua MP3 zako kutoka folda ya MUSIC kwenye kadi na kuzitungia alama yenyewe. Wazo lilikuwepo zamani. Vib-Ribbon ya mwaka 1999, kwenye PlayStation ya kwanza, ilikuacha utoe diski ya gemu na uingize CD yako ya muziki. Na mwaka huohuo wa 2007 Harmonix, walioanzisha Guitar Hero, walitoa Phase ya kuchezwa kwenye iPod kwa lile gurudumu la kuchagulia nyimbo. Huko programu ya iTunes ndiyo iliyouchambua wimbo kwenye kompyuta kwanza, kabla haujaingia kwenye iPod.

Sasa shida yako. Gemu za namna hii hazisikii kama wewe. Zinawinda mahali sauti inaporuka ghafla: fimbo ikigonga ngoma, kidole kikikwanyua uzi. Wimbo wa genge, ile rap ya Nairobi, uliotengenezwa kwa kompyuta unazifaa sana, maana kila pigo limekaa mahali pake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Taarab ni habari nyingine. Fidla na akordioni hupanda taratibu kama maji ya bahari yanavyojaa, hakuna kingo ya kushika, na ngoma imewekwa nyuma kwa adabu. Kwangu alama zilikuwa zinamfuata mwimbaji, tena pale tu anapotamka herufi ngumu. Hapo mashine haijaharibika, imekosa cha kushika. Tafuta rekodi ambazo ngoma imesogezwa mbele, au zile taarab zisikilize tu kwa raha zake.

Isukuti, ngoma ya Waluhya, nayo ina ugumu wake. Ngoma ni tatu, na mapigo yanapishana kwa tatu na mbili. Ngoma hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ukiijaribu kwenye Beats utaona kwa nini hairithiki kwa kusoma kitabu. Mimi kidole gumba kilikuwa kinang'ang'ania mbili wakati alama zinafuata tatu, na ilinichukua wiki kadhaa kuacha kuhesabu na kufuata ngoma kubwa peke yake.

Benga ndiyo nyumbani. Mwanzoni watu wanaimba, alama ni chache, unapumua. Kisha waimbaji wananyamaza, magitaa yanashika usukani, na alama zinamiminika. Utagundua haziendi na ngoma bali na lile gitaa la juu, kwa sababu kila noti yake ni kali. Usipambane nalo. Sogeza sikio kutoka kwenye besi hadi kwenye gitaa, na vidole vitafuata.

Lakini hapa ndipo nataka ukae nami zaidi, maana umetaja kwamba benga zako zimetoka kwenye kaseti za nyumbani. Zangu pia. Mzee wangu alikuwa na katoni nzima chini ya kitanda, nikazihamisha moja moja: waya wa tundu la hedfoni la redio kaseti hadi tundu la kuingizia sauti kwenye kompyuta, halafu Audacity, programu ya kurekodi sauti ambayo ni ya bure. Kanda za kwanza zilicheza vibaya mno kwenye Beats. Alama zilikuwa chache na zimechelewa, kana kwamba bendi inapiga ndani ya blanketi. Nikapandisha sauti, haikusaidia. Nikabadilisha kiwango cha ugumu, wapi.

Fundi mmoja wa redio mtaani kwetu ndiye aliyeniuliza kama nimewahi kusafisha kichwa cha redio. Sikuwa nimewahi. Akachukua pamba kwenye kijiti, akaichovya kwenye spiriti, akasugua kile kipande cha chuma kinachogusana na utepe. Pamba ilitoka rangi ya chai ya rangi. Uchafu ule unameza sauti za juu kabla ya zile nzito, na ukali wa noti ya gitaa unakaa hukohuko juu. Nikarekodi upya kaseti ileile, kwa mpangilio uleule. Wimbo uleule uliokuwa unanipa alama za kuhesabika ukageuka mvua. Kwa hiyo anza hapo. Spiriti kidogo, pamba, na uache kichwa kikauke kabla hujaingiza kanda.

Ukirekodi, usiache sauti ifike kwenye nyekundu, maana kilele kilichokatwa kinakuwa bapa na gemu haioni mruko tena. Ukimaliza kata ukimya wa mwanzo na mazungumzo ya mtangazaji kama kanda ilirekodiwa redioni, pandisha sauti ya wimbo wote kwa pamoja, hifadhi kama MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde. Angalia jambo jingine: nyimbo nyingi za enzi hizo zilitoka kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Mzee alipozinakili alikuwa anageuza santuri, na ile nafasi imebaki katikati ya wimbo. Kwenye gemu ni msururu wako wote wa mapigo sahihi unakatika bure. Ziunganishe, ila unganisha kwenye pigo la kwanza la mzunguko wa gitaa, usikadirie kwa macho.

Kuhusu kadi, nikuambie kwa ufupi kwa sababu iliniumiza. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 16 kwenye kibanda kimoja mjini. Nyimbo za kwanza zilicheza vizuri, zilizofuata zikawa kimya au zinakwaruza, nami nikadhani nimezirekodi vibaya, nikarudia kazi ya siku mbili. Kumbe kadi ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa. Kabla ya kuweka chochote cha maana, ipime kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta. Itaijaza yote na kuisoma tena, na itakuambia ukweli. Na zile MP3 usiziache kwenye kadi peke yake.

Hedfoni ziwe za waya. PSP za kawaida hazina Bluetooth, ni PSP Go tu iliyo nayo, na ukichomeka kile kifaa cha kurushia sauti kwa Bluetooth utaisikia ngoma baada ya alama kupita. Hakuna mazoezi yatakayotibu hilo.

Umeuliza pia kama kuna faida ya kuhangaika hivi wakati kuna gemu za simu zenye nyimbo zake tayari. Nitakujibu kwa kaseti moja. Kati ya zile za mzee kulikuwa na ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo: mpigaji mmoja na nyuzi zake nane. Niliiweka bila matumaini. Gemu ikaanza kutoa alama moja moja, zimetulia, zinarudi kwa mwendo uleule, lakini mimi sikusikia uzi wowote pale. Nikadhani imepotea tena. Jioni nikampa mzee hedfoni, nikamshikia PSP mbele ya macho. Akasikiliza huku anaangalia zile alama zikigonga shabaha, akaanza kutikisa mguu wa kulia kwenye sakafu, sawasawa nazo.

"Huo ni mguu," akasema. "Mkono bado haujaanza."

Mpigaji nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu na kugonga nayo ubavu wa ala. Nilikuwa nimesikia kanda hiyo tangu utotoni, na ile pete sikuwahi kuisikia hata siku moja, kwa kuwa sikio langu lilikuwa linakimbilia nyuzi. Mashine, kwa kuwa haijui nyuzi wala uimbaji, iliishika ya kwanza. Nyuzi zilipoingia alama zikaanza kuchanganyika, mzee akaniambia nibonyeze zile za mguu tu, nyingine niziache zipite. Pointi nilizopata zilikuwa duni. Tuliurudia wimbo ule mara tano kabla mama hajatuita mezani.