Nguvu Zinapopotea Baada ya Foleni

Swali: Gari langu lenye supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hulegea kila nitokapo kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Je, ninunue intakula (kipozeo cha hewa hiyo) kubwa zaidi? – Msomaji, Kasarani

Jibu: Ndugu msomaji, usikimbilie dukani. Supachaja huipasha hewa moto inapoigandamiza, na kwa kuwa Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hulazimika kuigandamiza zaidi ili kufikia shinikizo lile lile; hewa ikiwa moto, nguvu hupungua. Ikiwa intakula yako hupozwa kwa maji, fundi aanze na pampu yake ya umeme, kwani ikifa maji hayazunguki, kisha atoe hewa iliyonaswa mipirani. Rejeta yake ndogo ya mbele ioshwe taratibu kutoka nyuma. Mashine ya presha, ambayo waosha magari wetu huipenda mno, hukunja mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta.