Mkeo hadeki

Mwanangu Salim,

Barua yako nimeipata. Unasema mgongo wako ulipouma baada ya kubeba mifuko ya saruji, diklofenaki na mapumziko vilikutosha. Mkeo anameza dawa hiyo hiyo tangu mwaka jana, na bado hainuki kitandani bila kushika ukuta. Ukaniuliza: ubongo wa mwanamke unasikia maumivu tofauti, au mtu anadeka tu?

Hadeki. Siku ya Idi nilimwona akikanda unga wa chapati kwa mkono mmoja, wa pili kaukaza kiunoni, na kila akiulizwa anajibu "sijambo". Anayedeka hafichi.

Wewe uliumia, ukapona. Yake yamepita miezi 3, na hayo ndiyo huitwa maumivu sugu. Yakifika hapo, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu nazo huvutwa humo, ndiyo maana siku hizi anasahau na kukasirika upesi. Wanaume nao huwapata hayo.

Tofauti ya jinsia ipo, ila ilichelewa kuonekana kwa sababu maabara zilizoea kutumia panya dume. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada na Marekani waliwapima na majike. Walizuia kazi ya mikroglia, seli za kinga zilizomo kwenye uti wa mgongo. Madume wakapata nafuu ya maumivu; majike wapi! Maumivu yao, yaelekea, hupitia seli T, seli nyingine za kinga. Ni kama safari ya Tanga kwenda Dar: ukifunga barabara ya Chalinze, aliyepita Bagamoyo hana habari. Na jike asiye na seli T huhamia njia ya dume. Panya si mtu, najua, lakini kipandauso huwashika wanawake kama mara 3 kuliko wanaume, na wodini nilikowahi kufanya kazi, mwanamke akilia mgongo aliambiwa ana mawazo.

Sasa acha kumpa vidonge vyako vilivyobaki, vitamchoma tumbo bure. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Aandike siku maumivu yanapozidi na kama zinafuatana na hedhi. Wakimwandikia amitriptilini asishtuke kusikia ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo hutumika kutuliza maumivu ya neva. Na ubongo hurudi: waliobadilishwa nyonga wakapona maumivu, vipimo vilionyesha mabadiliko ya ubongo yakipungua.

Mwambie mkamwana wangu nitakuja mwezi ujao, na chapati nitakanda mimi.

Mama yako