Uliza Ujibiwe: Yule bibi asiye na meno alikuwa nani?

SWALI: Shikamoo anko. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bibi mmoja mweusi wa Marekani kavaa gauni limechoka kama la kudekia, kofia imelegea, mdomoni hana jino, anaongea kidogo tu ukumbi mzima unaangua kicheko. Wameandika Moms Mabley. Mume wangu anabisha eti huyo ni kijana kavalishwa uzee. Tumewekeana chipsi kuku. Nani kashinda? (Mama wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Chipsi mgawane, maana wote mmepatia na wote mmekosea. Moms Mabley alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, na kama ni klipu ya TV basi huyo ni bibi kweli, TV walianza kumuita miaka ya sitini mwishoni akiwa ameshavuka 70. Ila huo ubibi wa jukwaani aliuanza zamani sana, bado mwanamke kijana ngozi imenyooka, akawa anavaa magauni ya kizee na soksi zilizoporomoka na viatu vya nyumbani anaingia anaburuza miguu, basi akauigiza miaka na miaka mpaka uzee wenyewe ukamkuta humo humo ndani ya gauni.

Jina la kuzaliwa ni Loretta Mary Aiken, wa Brevard, mji mdogo wa milimani huko North Carolina, mwaka 1894. Maisha yake ya utotoni sijui hata niyaelezeje. Baba alikuwa mfanyabiashara na pia zimamoto wa kujitolea, 1909 gari la zimamoto likalipuka akafa, baadaye mama naye akagongwa na lori la posta. Yeye mwenyewe bado hajafika hata miaka 15 alishabakwa mara mbili na akazaa watoto wawili, wakaenda kulelewa na watu wengine. Halafu juu ya yote, alisimulia mwenyewe, akaozwa kwa nguvu kwa mzee ambaye hakutaka hata kumsikia. Sasa ukimsikia anavyowasema wazee kwenye klipu, kwamba kazi pekee ambayo mzee anaweza kumfanyia ni kumletea salamu kutoka kwa kijana, ujue ile si stori ya kutunga tu, kuna mzee mmoja anasemwa pale miaka hamsini baadae.

Akatoroka na wasanii wa kuzunguka. Hilo la Mabley ni jina la mpenzi wake, Jack Mabley, waliachana, na bibi akawa anasema jamaa alimchukulia vingi kwahiyo na yeye angalau amchukulie jina. Moms ni kwa sababu wasanii wenzake aliwalea kama mama. Na akishuka jukwaani gauni linavuliwa, anavaa suti za kiume zimekatwa vizuri au hariri na manyoya ya bei mbaya, na alikuwa na wapenzi wanawake, wenzake wa nyuma ya pazia walijua na maisha yakaendelea.

SWALI: Anko mimi nimekwama kwenye neno moja. Kila wakimtaja wanasema alitokea kwenye vodevili. Ndio kitu gani, sarakasi? Na ilikuwaje mwanamke mweusi aachiwe kuongea vile enzi za ubaguzi? (Fundi simu, Mwanza)

JIBU: Sarakasi ilikuwemo, ila pamoja na vingine. Vodevili ni onyesho la usiku mmoja lenye mchanganyiko, anaingia mwimbaji, anafuata mcheza densi, mbwa wanaoruka, mazingaombwe, wawili wanataniana, kila mmoja ana dakika zake kama kumi hivi halafu anatoka, kesho treni mji mwingine na vichekesho vile vile. Ilitamba Marekani kuanzia miaka ya 1880 mpaka redio na sinema za kuongea zilipokuja kuimaliza. Weusi walikuwa na mzunguko wao, wa miaka ya 1920 uliitwa kwa kifupi TOBA, chama cha wenye kumbi, na malipo yalikuwa madogo na safari mbovu kiasi kwamba wasanii wakazigeuza zile herufi wakasema maana yake ni Tough On Black Artists, yaani ukatili kwa wasanii weusi. Moms alikuwa humo. Mwaka 1921 wachekeshaji wawili mke na mume, Butterbeans na Susie, wakamuona wakamsaidia kupata kazi zenye hela, akafika Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, na 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuchekesha peke yake Apollo, ukumbi maarufu wa huko. Watu wa Apollo hawana adabu, usipochekesha wanakuzomea mpaka unatoka, yeye walimuita tena na tena kwa miaka.

Hilo la kuachiwa ndio swali zuri. Wewe bibi yako alikuwa anakuitaje? Wangu ananiita mume wangu, ananitukania mapua mbele ya wageni, mama anacheka tu kwasababu bibi na mjukuu ni watani. Sasa Moms aliufanya ukumbi mzima wajukuu zake, anawaita watoto, anakaa kama yupo barazani kwake. Binti angesimama pale kuongelea wanaume na polisi wa kizungu asingemaliza dakika mbili, ila bibi utamfanya nini?

Sikiliza hii yake. Anasema yupo kusini mwa Marekani anaendesha gari, taa nyekundu yeye kapita tu, polisi kamsimamisha. Bibi hujaona taa nyekundu? Nimeiona. Sasa mbona umepita? Anamjibu kwa upole kabisa, nimeona nyie wazungu mnapita kwenye ya kijani, nikajua hii nyekundu ni yetu sisi.

Hajatukana hata neno moja hapo. Polisi sijui angemshtaki kwa kosa gani.

SWALI: Nimetafuta nimekuta santuri nyingi mno, nianzie wapi? Na Kiingereza chake sikishiki. (Mdau wa Tabata)

JIBU: Hata Wamarekani wenyewe kuna anapowaacha, ni lafudhi ya kusini na meno hakuna. Santuri zipo zaidi ya 20, alianza kurekodi akiwa mtu mzima kabisa, anza na ile ya 1961 anajifanya yupo Umoja wa Mataifa, viongozi wa dunia anaongea nao kama majirani. Mwaka uliofuata alipanda Carnegie Hall, ukumbi wa watu wa tai. Halafu tafuta wimbo wa Abraham, Martin and John wa 1969, hapo anaimba tu taratibu kuhusu Lincoln, Martin Luther King na akina Kennedy waliouawa, hakuna utani hata chembe, ukafika namba 35 kwenye chati ya nyimbo Marekani na yeye ana miaka 75.

Filamu yake kubwa, Amazing Grace ya 1974, mimi naiona ya kawaida, anaibeba mwenyewe mgongoni. Katikati ya kurekodi moyo ulimsumbua, wakamwekea kifaa cha kusaidia mapigo, baada ya wiki tatu karudi kumalizia. Alifariki Mei 1975. Kwahiyo ukiiangalia, huyo anayeburuza miguu humo haigizi tena.