Akaunti Tatu, Salio Moja: Ushauri kwa Wanaoanza Kujifunza Programu za Objekti

Katika muhula wangu wa kwanza wa somo hili chuoni, niliandika programu iliyofungua akaunti tatu za benki, ya kwanza ikiwa na salio la 100, ya pili 200 na ya tatu 300. Nilipoiagiza ionyeshe salio la kila akaunti, ilionyesha 300 mara tatu. Nilikesha nikikagua hesabu za kujumlisha na kutoa, ilhali hazikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa limeanza siku chache nyuma. Tulikuwa tukitumia lugha ya Java, na kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ilikataa metodi yangu (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) kwa sababu niliiita kutoka ndani ya «main», metodi ambayo programu huanzia na ambayo ni «static», bila kuunda objekti kwanza, yaani kitu kimoja ndani ya programu, kama akaunti moja. Nilibandika neno «static» mbele ya metodi hiyo. Kompaila ikahamia kulalamikia salio, nami nikalibandika huko pia, ikanyamaza. Sikuelewa kwamba kwa kufanya hivyo nilikuwa nimezinyang'anya objekti salio lao na kulifanya mali ya klasi nzima, yaani muundo unaotumika kuunda objekti zote hizo, kiasi kwamba kila akaunti mpya iliyofunguliwa ilifuta thamani iliyowekwa na iliyotangulia. Kompaila iliyonyamaza haijasema kwamba umeelewa.

Kilichonitoa gizani ni kalamu na karatasi. Chukulia klasi kuwa fomu tupu, na objekti kuwa nakala ya fomu hiyo iliyokwisha kujazwa. Kila unapokutana na neno «new», chora kisanduku kipya chenye thamani zake. Kila unapokutana na kigeu, yaani jina linalorejelea objekti, chora mshale unaoelekea kwenye kisanduku. Ukiandika «b = a», a na b zikiwa vigeu vya akaunti, hakuna kisanduku kinachozaliwa: ni mshale wa pili tu unaoelekea palepale, na ndiyo maana ukitoa fedha kupitia b, salio la a nalo hupungua. Mchoro huohuo unaeleza kwa nini alama «==», ikitumiwa kwa objekti, hulinganisha mishale, si yaliyomo ndani ya visanduku.

Ilinisaidia pia kujua chimbuko la fikra hii. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliobuni lugha ya Simula huko Norwei katika miaka ya 1960, walitaka kuiga kwenye kompyuta mifumo yenye vitu vingi vinavyotenda kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa na hali yake. Akaunti zangu tatu hazikuwa na hali zao.

Kuhusu urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za klasi nyingine, usiwe na pupa. Gari ni aina ya chombo cha usafiri, hivyo linaweza kurithi. Lakini gari lina injini, wala si aina ya injini. Wengi wetu tulirithisha kila kitu kwa sababu tu mhadhara wa wiki hiyo ulihusu urithi.

Kabla ya kila zoezi la maabara, chukua programu ya mistari ishirini hivi, ichore yote, andika majibu unayoyatarajia, kisha ndipo uiendeshe. Mahali ambapo jibu lako na la kompyuta yatatofautiana ndipo pa kumwulizia mhadhiri, ukiwa na mchoro mkononi.