Kabla Hujairudia Picha ya Zamani, Uliza Ina Deni Gani

Mwaka 2007 mimi na mwenzangu tulikuwa na kibanda cha video Ngamiani, Tanga. Mabenchi sita, runinga ya inchi 21, deki iliyokuwa ikiugua kila kukicha, kiingilio shilingi 200. Siku moja tukaletewa CD ya picha jipya la Kihindi, na aliyetuuzia akaapa kwamba hiyo ndiyo Sholay iliyotengenezwa upya. Jina lake Ram Gopal Varma Ki Aag. Sikujisumbua kuliangalia kwanza. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni: LEO SHOLAY MPYA, AMITABH YUMO. Amitabh Bachchan ndiye aliyecheza Jai, mmoja wa mashujaa wawili wa Sholay ya zamani.

Wakaja wazee ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani petu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alifunga kazi saa kumi jioni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mechi ya watani. Hawa ndio watu walioiona Sholay ya 1975 wakiwa vijana, wakairudia mpaka wakaimeza. Kihindi hawajui hata cha kuombea maji, lakini watakuigizia Gabbar Singh, adui wa picha hiyo, akiwahoji majambazi wake wale jamaa walikuwa wangapi, na kicheko chake juu.

Amitabh alipotokea, ikawa ndiye adui. Kibanda kizima kimya.

"Huyu si Jai?"

"Jai alikufa."

"Sasa mbona kafufuka jambazi?"

Ikaja zamu ya Thakur, bwana anayewakodi mashujaa wamkamate Gabbar. Yule wa zamani alikatwa mikono yote miwili na Gabbar, na picha nzima inategemea mikono hiyo isiyokuwepo. Huyu mpya, aliyechezwa na Mohanlal, kakatwa vidole. Fundi akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Hata mikono wameifanyia ubahili." Hapo ndipo walipoanza kutoka. Kabla picha halijafika nusu nilikuwa mlangoni narudisha mia mbili mia mbili.

Siku hizi naishi kwa kuandika miswada ya tamthilia, na hakosi kijana anayenifuata na hoja ileile: kaka, nataka kuitengeneza upya filamu fulani ya zamani, unaonaje? Wengine hutaka niwakataze, wengine hutaka niwabariki. Mimi huwauliza kitu kimoja tu: hiyo picha ina deni gani?

Nina maana hii. Kuna filamu iliyosema yote iliyotaka kusema, watu wakaipokea, wakazeeka nayo. Hiyo haidai wala haidaiwi. Ukiigusa unajitafutia ugomvi na kumbukumbu za watu, na kumbukumbu huwa na bajeti kubwa kuliko yako. Sholay iko huko. Zanjeer ya 1973 nayo iko huko. Walipoirudia 2013 ikaanguka. Lakini kuna filamu iliyoachwa na jambo halijaisha: hadithi nzuri iliyotoka wakati mbaya, mwongozaji aliyekosa vifaa, adui aliyeandikwa nusu nusu. Hiyo ina deni, na deni linaweza kulipwa na mtu mwingine.

Agneepath ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Ya kwanza ilitoka 1990, mzalishaji Yash Johar, mwongozaji Mukul Anand. Amitabh alicheza Vijay Dinanath Chauhan, mtoto wa mwalimu aliyesingiziwa na kuuawa kijijini Mandwa, anayekua akawa mhuni wa mjini kwa nia moja tu, kurudi Mandwa. Alibadilisha hadi sauti, akaikwaruza na kuizamisha, watazamaji wakalalamika hawasikii vizuri, ikabidi maneno yaingizwe upya. Tuzo ya taifa ya mwigizaji bora alipata. Pesa haikurudi. Yash Johar alifariki 2004 na jeraha hilo, na mwanawe Karan ndiye aliyeamua picha ya baba irudiwe.

Angalia walichofanya mwaka 2012, maana hapo ndipo penye somo kwa anayeandika. Hawakumtafuta mtu wa kumwiga Amitabh. Hrithik Roshan alimcheza Vijay mpole, anayetetemeka ndani, wala sauti ile hakuigusa. Wakaenda kwa adui. Kancha Cheena wa 1990, aliyechezwa na Danny Denzongpa, alikuwa bwana mtanashati mwenye suti, mtu ambaye ungemkuta kwenye hoteli ya kitalii ukampisha njia. Wa 2012 ni Sanjay Dutt, kipara, hana hata nyusi, jitu la kijijini linalomwogopesha mtoto kabla halijafungua kinywa. Ukimwona huyo unaelewa kwa nini mtu atumie maisha yake yote kurudi Mandwa. Kisha wakaongeza mhusika ambaye hakuwepo kabisa, Rauf Lala, wakampa Rishi Kapoor, yule yule kijana wa mapenzi na maua tuliyemzoea, sasa anauza binadamu. Hawakupaka rangi nyumba ya zamani. Walibomoa ukuta uliokuwa na ufa.

Na mwenye deni anaweza kuwa mwongozaji mwenyewe. Mother India iliyowaliza bibi zetu ni marudio. Mehboob Khan aliishatengeneza hadithi hiyo mwaka 1940 kwa jina la Aurat, akairudia 1957 kwa rangi, na Nargis, na nchi iliyokwisha kupata uhuru. Mama yule yule anayempiga risasi mwanawe mwenyewe. Ila mwaka 1940 alikuwa mama wa kijiji, na mwaka 1957 akawa mama wa taifa. Kwa hiyo anayesema picha za zamani zisiguswe kamwe ajue kwamba moja ya hizo anazozilinda ilizaliwa kwa kuguswa.

Don niliikubali kwa shingo upande. Ile ya 2006, ya Farhan Akhtar, inakutembeza njia ya ile ya 1978 hatua kwa hatua mpaka unajiona mjanja, halafu mwisho inakugeuzia: yule uliyemwonea huruma picha nzima, ukidhani ni mtu mwema aliyefanana na jambazi Don, kumbe ni Don mwenyewe. Inatumia kuijua kwako ya zamani kukuibia. Ni ufundi, lakini ni ufundi wa mara moja. Ukiirudia wewe, mtazamaji atakuwa anakusubiri mlangoni.

Nami nilishaingia mtego wa kunakili. Miaka kadhaa nyuma rafiki alinunua haki ya filamu ya Bongo iliyotikisa enzi zake, akanipa niandike upya. Kwa heshima, au kwa woga, nilifuata onyesho kwa onyesho. Siku ya kusoma muswada dada aliyepewa nafasi kuu alifunga karatasi katikati akaniuliza, "Kaka, mimi namwigiza huyu mwanamke au namwigiza yule dada aliyemwigiza?" Nikakosa la kumjibu. Gus Van Sant, mwongozaji wa Marekani, aliwahi kufanya hivyo makusudi mwaka 1998, akaifuata Psycho, filamu ya kutisha ya Hitchcock ya 1960, karibu picha kwa picha, tofauti kubwa ikiwa rangi. Kila kitu kipo mahali pake na hakuna anayeogopa. Sisi hatukufika hata huko, pesa iliisha kwanza, Alhamdulillahi.

Hilo la haki msilipitie juu juu. Wengi hapa kwetu humfuata mwongozaji au mwigizaji mkuu, wanakunywa naye soda, anawaambia "nendeni tu wanangu", wanaanza kupiga picha. Filamu nyingi za Bongo ziliuzwa masta: msambazaji alilipa mara moja akachukua kila kitu. Huyo ndiye wa kumtafuta, na kwa maandishi. Sergio Leone, mwongozaji wa Italia, alichukua hadithi ya Yojimbo, filamu ya Mjapani Kurosawa, akatengeneza A Fistful of Dollars mwaka 1964 bila kuomba. Picha ikavuma, wenye mali wakaenda mahakamani, na akina Leone wakaishia kugawana nao mapato. Kama jina kubwa namna ile halikupona, wewe wa kuazima kamera utapona wapi?

Mwaka 2012 kibanda kilikuwa bado hai, ingawa mpira wa Ulaya ndio uliokuwa ukitulipia kodi. Agneepath mpya ilipofika nililiangalia kwanza peke yangu, usiku, mpaka mwisho. Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa fundi cherehani nikamwomba aje, kiingilio mia tano, na nikampa neno langu.

Alikaa benchi la mbele. Hakusema kitu Kancha alipotokea. Nilimwona tu amevua miwani akaifuta. Likaisha, watu wakapiga makofi, yeye akabaki amekaa.

"Yule muuza madafu yuko wapi?"

Ile ya 1990 ina muuza madafu, Krishnan Iyer, aliyechezwa na Mithun, mcheshi wa picha nzima. Nikamweleza kwamba wamemwondoa, hadithi yenyewe imekuwa nzito, hakuna pa kumweka.

Akanitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono. "Nirudishie nusu."