Mwaka wa 9 tangu niache sigara, na pua yangu bado haijaamua

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili, na kwa uzoefu wangu yanatoka kwenye shina moja. Unasema umeacha miezi minne. Mwenzako wa kazini akirudi kutoka kuvuta unatamani kuhama meza, lakini juzi ulipita karibu na mtu ndio kwanza anawasha, ukajikuta umepunguza mwendo ili unuse. Unauliza kama akili yako iko sawa. Halafu unauliza kwa nini sisi tulioacha tunakuwa wakali kwa wavutaji kuliko hata watu ambao hawajawahi kushika fegi maishani.

Akili yako iko sawa kabisa. Mimi nilivuta miaka 17, pakiti moja kwa siku, na siku za presha naifungua ya pili. Yote mawili unayoyasema yananipata mpaka leo, ingawa hilo la kupunguza mwendo sasa hutokea kwa nadra.

Kitu cha kwanza ambacho naona wengi humu wanakiruka: hakuna harufu moja ya sigara. Ndiyo maana mmoja anasema bado anaipenda, mwingine anasema anataka kutapika, na wote wanasema kweli. Ipo harufu ya tumbaku yenyewe pakiti inapofunguliwa, kavu, yenye utamu fulani hivi. Upo ule moshi wa sekunde za kwanza kiberiti kinapogusa ncha. Upo moshi unaojipandia wenyewe wakati sigara imeshikwa tu mkononi haivutwi. Huo haupiti kwenye kichungi chochote, na ndio sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani. Halafu unakuja moshi uliolala: kwenye pazia, kwenye viti vya gari, kwenye nywele. Na pumzi ya mvutaji mwenyewe. Na mfalme wao wote, kikopo cha vipisi kilichoingia maji. Kwangu mimi hizo mbili za mwanzo bado zinaniita kwa jina. Zilizobaki zinanifukuza. Kwa hiyo mtu akiniambia "harufu ya sigara", namuuliza kwanza ni ipi.

Nilivyoijua tofauti hiyo ilikuwa kwa koti. Nilikuwa na wiki kama ya sita hivi tangu niache, nikavuta sanduku lililokuwa uvunguni kutafuta nguo ya baridi. Nilipolifungua nikarudi nyuma. Nilidhani panya amefia humo. Nikatoa nguo moja moja nikiinusa, mpaka nikafika kwenye koti langu, lile nililokuwa nalivaa karibu kila siku. Ilikuwa harufu ya majivu mabichi iliyochanganyika na uchachu wa jasho la zamani, na ilikuwa kali zaidi kwenye mkono wa kulia, pale pindo linapogusa kiganja, kwa sababu mkono huo ndio ulioshika sigara. Mfuko wa ndani ulikuwa na chengachenga za tumbaku zimeganda kwenye mshono. Na koti hilo nilikuwa nimelifua! Nakumbuka nililifua kabla ya kulikunja, nikaona limetakata. Nikalifua tena, nikalianika siku nzima, nikalipiga pasi. Mvuke wa pasi ulipoingia kitambaani harufu ikainuka upya kama vile sijafanya kitu.

Nikakaa kitandani nimelishika. Sikuwaza sigara hata kidogo. Niliwaza watu waliowahi kunikumbatia nikiwa nimevaa lile koti, na watoto niliowahi kuwapakata. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za sigara, lakini siku ile niliwaelewa vizuri mno.

Sasa kwa nini miaka 17 sikuisikia? Pua ikikaa na harufu ileile muda wote huacha kuitolea taarifa, kama mtu anayelala jirani na reli asivyosikia treni. Juu ya hilo, moshi wenyewe hupunguza makali ya kunusa. Ukiacha, seli za kunusia ambazo mwili huzifanya upya mara kwa mara hupata nafasi ya kupona, na wengi huona tofauti ndani ya wiki au miezi michache. Maana yake wewe sasa hivi, mwezi wa nne, una pua mpya na bado hujaizoea. Mwenzako wa kazini hajaanza kunuka leo. Alikuwa ananuka hivyohivyo mlipokuwa mnatoka kuvuta pamoja.

Na hayo masalia kwenye nguo na kuta si suala la harufu tu, niliposoma ndipo nilipoacha kujiona ninadeka. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba nikotini iliyoganda kwenye vitu vya ndani hukutana na gesi za kawaida zilizomo hewani na kutengeneza nitrosamini, kundi ambalo ndani yake zimo kemikali zinazosababisha saratani. Sigara imezimwa zamani, lakini chumba bado kina kazi inaendelea.

Nije kwenye ile harufu inayoita, maana hapo ndipo kwenye hatari.

Chukua hesabu yangu mwenyewe. Sigara 20 kwa siku, kila moja tuseme mivuto 10, hiyo ni mivuto 200 kwa siku. Kwa mwaka ni 73,000. Kwa miaka 17 inapita milioni moja na laki mbili. Na kila mara nikotini ilitoka kwenye pafu ikafika ubongoni ndani ya sekunde kama 10 hadi 20 hivi. Yaani zaidi ya mara milioni moja ubongo wangu ulisikia harufu ile, na kabla hata sijashusha mkono ukalipwa. Kuna somo gani jingine nimewahi kufundishwa mara milioni moja? Hata jina langu sijaitwa mara nyingi hivyo. Isitoshe, harufu ina njia ya mkato kichwani: inafika sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza kile kituo cha katikati ambacho sauti na picha lazima zipite. Ndiyo maana unashtukia miguu imepunguza mwendo kabla wewe hujaamua chochote.

Lakini hii si arosto ile ya mwanzo, usizichanganye. Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu ndani ya saa mbili hivi, na shida ya mwili, ile ya kutetemeka, hasira na kukosa usingizi, hupanda zaidi siku za mwanzo kisha hushuka ndani ya wiki mbili hadi nne. Miezi minne mwili wako haudai kitu. Kinachodai ni mazoea. Ipo habari moja iliyonisaidia sana kuliona hili: mwaka 2007 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu wavutaji waliopata madhara ya ubongo, na baadhi ya wale ambao sehemu iitwayo insula iliumia waliacha sigara papo hapo, bila kuhangaika, bila kuisikia hamu tena. Mmoja alieleza kwamba mwili wake ulisahau ile hamu. Nilimwonea wivu mgonjwa wa kiharusi, Mungu anisamehe. Ila niliondoka na jambo moja: hamu ni kazi ya mashine fulani kichwani, haimaanishi kwamba ndani kabisa mimi ni mvutaji ninayejidanganya.

(Na kama unaota umevuta, unaamka umejawa na hatia huku unanusa vidole, usiogope pia. Ni jambo linalojulikana, liliwahi hata kufanyiwa utafiti. Mimi ndoto hizo ziliisha mwaka wa tatu hivi.)

Kuhusu ukali wetu, hapa sitajisafisha. Mwaka wa pili wangu bila sigara alikuja ofisini kijana mmoja mvutaji. Mtaratibu, mchapakazi, hana neno na mtu. Akirudi tu kutoka nje mimi nakohoa kikohozi cha maigizo, nainuka nafungua dirisha kwa kishindo. Kuna siku nilimwachia kopo la manukato ya kupuliza chumbani juu ya meza yake, nikajiona mjanja. Yeye akalichukua, akasema "asante kaka", akaliweka kwenye droo.

Aliyenivunja ni mama anayefanya usafi, ambaye alikuwepo tangu enzi zangu. Jioni moja tumebaki wawili, nikamwambia, "Shikamoo mama, pole na hiyo harufu ya kule kwenye kona." Akaitikia marahaba, akaendelea kupiga deki. Baada ya kimya kirefu akasema, "Mwanangu, kile kikopo chako cha majivu nimekimwaga mimi miaka sita. Sikuwahi kukufungulia dirisha."

Hakusema zaidi. Nilitamani sakafu inimeze, na ilikuwa ndio kwanza imepigwa deki.

Tangu siku hiyo ninaamini, na haya ni maoni yangu wala si utafiti wa mtu, kwamba ukali wetu mwingi una mambo mawili ndani yake. Moja ni aibu. Mtu ambaye hajawahi kuvuta akisikia harufu anasikia harufu tu. Mimi nikiisikia najisikia mimi mwenyewe, najiona nimeingia kwenye lifti nimenuka hivyo na watu wamenyamaza kwa adabu. Nyani haoni kundule, sawa, ila akiliona la mwenzake halafu akakumbuka lake, hapo ndipo anapoanza kurusha mawe. La pili ni woga. Nikiangalia nyuma, miezi niliyokuwa mkali kuliko yote ndiyo miezi niliyokuwa karibu kurudi. Nilikuwa namfukuza yule kijana kwa sababu alikuwa anarudi na kitu nilichokitaka. Hamu ilipopoa, na makelele yakapoa yenyewe, sikufanya juhudi yoyote.

Lakini hili lisigeuzwe. Kumwambia mtu asikuvutie ndani si ukali. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, zinazojulikana kuleta saratani ni kama 70, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani watu zaidi ya milioni moja ambao hawavuti hufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Ireland ilipopiga marufuku kuvuta ndani ya sehemu za kazi mwaka 2004, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, haikuwa inawachukia wavutaji. Moshi una mipaka yake na unastahili kuwekewa. Nilichokosea mimi ni kumwadhibu mtu kwa koti lake.

Sasa jambo ambalo ningependa ulichukue kuliko yote niliyoandika: usitegemee kinyaa kikulinde. Mimi nilikitegemea. Mwezi wa tano tangu niache nilikuwa nimeshajiona nimefika, harufu inanichefua, koti nimeshalitupa, nikaenda kusimama na rafiki yangu anavuta, nikijiambia nanusa tu. Nikanusa. Kisha nikamwomba nivute mara moja, nithibitishe kwamba sasa ni mbaya. Na ilikuwa mbaya kweli, kama kulamba sufuria iliyoungua, nilitema mate dakika nzima. Nikaenda nyumbani najipongeza. Kesho yake saa nne asubuhi nikajikuta natafuta sababu ya kutoka nje. Ladha mbaya haikunikinga na chochote. Ilinichukua wiki mbili kutulia tena, na sitanii nikisema zilikuwa ngumu kuliko zile za mwanzo, kwa sababu safari hii nilikuwa pia nimejidharau.

Kwa hiyo ukikutana na moshi mbichi unaoita, usijipime. Hama upande upepo unakotokea, endelea na safari yako, wimbi huwa linapita ndani ya dakika chache kama hujalilisha. Ukikutana na ule uliolala, unaochefua, furahi kidogo kisha usiujengee imani. Nguo zako za zamani fua zote, na pazia, na vitambaa vya viti, na lisilotoka harufu litupe bila huruma. Gari ndilo gumu, mimi langu lilinishinda.

Huyo mwenzako wa kazini mwite pembeni, usimwambie ananuka. Mwambie wewe ndio kwanza umeacha, bado unapambana, na ungeshukuru kama baada ya kuzima angekaa nje dakika kadhaa kabla ya kurudi mezani. Hilo lina maana, maana mvutaji huendelea kutoa mabaki ya moshi kwenye pumzi kwa muda kidogo baada ya sigara ya mwisho. Yule kijana wangu nilimwomba msamaha kwanza, ndipo nikamwomba hivyo. Akacheka, akafungua droo, akanirudishia lile kopo langu. Halikuwa limefunguliwa.

Ukishaongea na wako, rudi utuambie alijibu nini.