Barua kwa mwanangu: mkono wa Oedipus

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatano, na swali lako nimekaa nalo siku tatu. Unasema umemaliza kusoma *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Samuel Mushi ya mchezo wa Mgiriki Sophocles, ukaudhika: ikiwa mungu Apollo alikwisha kutamka kwamba Oedipus atamwua baba yake na kumwoa mama yake, basi ana kosa gani, na kwa nini tumtazame akihangaika kana kwamba angeweza kuponyoka?

Nianze na neno lako, "imeandikwa". Sisi tumelizoea, ila Wagiriki walikuwa na neno *moira*, ambalo maana yake ya msingi ni fungu, yaani sehemu anayoipata mtu katika mgawo. Naona hapo kuna tofauti kubwa, kwa sababu fungu la samaki hukuonyesha ulichopewa, lakini halisemi utalipikaje.

Sasa utazame mchezo unapoanzia. Laius, baba yake, amekwisha kuuawa na Oedipus siku nyingi pale njia tatu zinapokutana, ndoa na Jocasta, mama yake, imezaa watoto wanne, na tauni inaumaliza mji wa Thebes. Yote ambayo Oedipus aliambiwa kule Delphi, kwenye hekalu la Apollo, yamekwisha kutimia kabla mtu yeyote hajafungua kinywa jukwaani. Tunachokitazama sisi ni upelelezi, na upelelezi huo haumo katika maneno aliyopewa Delphi. Ni yeye anayemtuma shemeji yake Creon kwa Apollo, anayemlaani muuaji wa Laius hadharani bila kujua anajilaani mwenyewe, na anayemwita Tiresias, mwaguzi kipofu. Ni kweli kwamba Tiresias anamwambia siku hiyo itamzaa na kumwangamiza, lakini mzee yule alikwisha kuomba arudishwe nyumbani akiwa kimya, akasema tu baada ya kutukanwa.

Kama ni lazima nitaje kosa, ningelitafuta mahali ambapo wengi hawapaangalii. Akiwa kijana kule Corinth, alikolelewa, mlevi mmoja karamuni alimwambia kuwa si mtoto halisi wa baba yake. Akaenda Delphi kuuliza wazazi wake ni nani. Apollo hakumjibu hilo, akamwambia jambo jingine la kutisha, na Oedipus kwa hofu akalikimbia jibu hilo na kulisahau swali alilokwenda nalo. Aliikimbia Corinth kana kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa waliomlea kule ndio wazazi wake halisi, jambo lile lile alilokuwa na shaka nalo alipokwenda Delphi. Mtu aliyefumbua kitendawili cha Sphinx, lile zimwi lililoisumbua Thebes, kilichohusu miguu ya binadamu, hakuwa ameuliza kwa nini miguu yake mwenyewe ina makovu, ingawa hata jina lake kwa Kigiriki linasikika kama "mguu uliovimba". Jocasta, ambaye mtoto wake mchanga alitupwa akiwa amefungwa miguu, aliishi naye miaka yote hiyo, na makovu yapo. Hapo huwa namwonea huruma Jocasta kuliko mumewe.

Nilipokuwa chuoni tuliigiza tafsiri hiyo hiyo, nami nikapewa sehemu ya mchungaji mzee, ati kwa sababu ya sauti yangu nzito. Kila jioni ya mazoezi watumishi wawili walinipinda mikono nyuma ili niseme mtoto niliyeamriwa kumwua nilimtoa wapi. Mchungaji analia kwamba amefika ukingoni mwa neno la kutisha kulitamka, na mfalme anajibu kwamba naye amefika ukingoni mwa kulisikia, lakini hana budi alisikie. Mwenzetu aliyekuwa mfalme hakulipaza jibu hilo; alilisema kwa sauti ya chini, akinitazama machoni, na mimi nikiwa nimepiga magoti pale nikaelewa kwamba nilikuwa ninampa nafasi ya kuniachia niende zangu, kwamba ameiona, na kwamba ameikataa. Hakuna mungu aliyemsukuma katika dakika ile.

Baadaye, akiwa amejitoboa macho, wazee wanamwuliza ni nani aliyemchochea. Anajibu kuwa ni Apollo aliyemletea mateso haya, ila mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Anayasema yote mawili kwa pamoja wala haoni yanapingana, na mimi sioni sababu ya kumlazimisha achague moja.

Swali lako, kwa kweli, Sophocles alilirudia mwenyewe uzeeni. Alifariki mwaka 406 K.K., akiwa na miaka karibu 90, akiacha mchezo mwingine ambao ulionyeshwa mwaka 401 K.K., na humo Oedipus mzee kipofu anafika Colonus, karibu na Athens, na kujitetea kama mtu aliye mahakamani: hakujua, na yule mzee wa njiani ndiye aliyeanza kumpiga. Kuhusu macho yake hasemi hivyo. Anakiri kwamba hasira ilipopoa aliona amejiadhibu kupita kiasi, na adhabu hiyo hamtwiki Apollo.

Mchezo huo ninao, lakini kurasa za mwisho zimeachana na jalada. Ukija likizo nitakupa, uusome kabla hatujaendelea kubishana.

Mama yako